Akikuambia "Usimwambie Mtu"



Jumapili Mchungaji alituhubiria kutoka Matendo ya Mitume sura ya 16, Paulo na Sila wakiwa gerezani Filipi. Wengi wetu tulienda nyumbani tukiongea juu ya zile nyimbo za usiku wa manane, tetemeko, milango kufunguka na vifungo kulegea. Wacha leo nikae na yule mtu mwingine, askari jela.

Yeye alikuwa amelala. Akaamka, akaona milango iko wazi, akachomoa upanga ajiue. Kwa nini? Si kwa sababu ya pepo, Luka hasemi hivyo. Ni kwa sababu ya kazi. Alidhani wafungwa wametoroka, na alijua mlinzi aliyepoteza wafungwa hufanywa nini. Rudi sura ya 12 uone Herode aliwafanya nini walinzi baada ya Petro kutoka gerezani. Kwa hiyo mtu huyu alipiga hesabu yake mwenyewe, gizani, peke yake, kwa dakika moja. Hesabu ikamwambia hakuna njia. Hakumwuliza mtu. Na hesabu yenyewe ilikuwa na kosa, maana wafungwa wote walikuwa bado ndani.

Paulo akapaza sauti. Hakunong'ona, hakungoja asubuhi, na hakusema kwamba mambo ya askari ni ya kibinafsi. Alipiga kelele mpaka yule mtu akaitisha taa.

Swali ninaloleta wiki hii linatoka hapo, na ni swali la maadili kabla halijawa swali la hospitali na namba za simu. Ndugu yako akikuambia anafikiria kujiua, halafu akakushika mkono akasema, "Lakini tafadhali, usimwambie mtu," utafanya nini? Je, ukisema, umekuwa msaliti? Na ukinyamaza, umekuwa nini?

Kwa nini swali hili ni letu

Sisi tunaoabudu hapa Hulugho wengi ni wageni. Tuko hapa kwa kazi: walimu, polisi, wauguzi, mafundi, wenye biashara ndogo. Mke yuko Kitui, watoto wako Kakamega, mama mzee yuko Meru. Ukiugua malaria kuna mtu atakuletea uji. Ukiugua moyoni, unafunga mlango.

Tena tumebeba mambo. Hakuna Mkristo katika kaunti hii asiyejua tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa Chuo Kikuu cha Garissa. Hakuna mwalimu asiyejua Kamuthe, Januari 2020, walimu watatu walipouawa na wenzao wengi wakahamishwa kutoka kaunti hizi za kaskazini mashariki. Wengine wetu tulikuja baada ya hapo tukaziba nafasi hizo. Tunalala tukiwa na sikio moja wazi. Tukiulizwa hali tunasema, "Tuko tu salama, Mungu ni mwema." Mungu ni mwema, ndiyo. Lakini usingizi haupo.

Na mji ni mdogo. Neno ukilisema saa tisa, kabla ya magharibi limefika hotelini. Askari anaogopa akijulikana atanyang'anywa bunduki na kazi nayo. Mwalimu anaogopa barua. Mama anaogopa watu wa mume wake watasema nini. Kwa hiyo mtu anaposema "usimwambie mtu," usimwone kama mtoto anayedeka. Yeye amefikiria. Ana sababu.

Upande wa kunyamaza

Wacha nilitetee kwanza lile wazo la kutunza siri, maana ni zito. Kitabu cha Mithali kinamweka mtu anayetembea na siri za watu pamoja na wabaya, na mwenye roho ya uaminifu kinamsifu kwa kufunika jambo. Nami nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na huko jambo hili hufundishwa mapema: hesabu ya mteja haizungumzwi. Benki ikizoea kutaja nani ana kiasi gani, hakuna atakayeweka pesa tena. Watazificha chini ya godoro, na chini ya godoro ndipo zinapoliwa na mchwa.

Kanisa nalo ni hivyo. Ikisikika kwamba Pasta aliambiwa akasema, wa pili hatakuja. Na huyo wa pili pengine ndiye angekufa. Kwa hiyo anayesema "siri ni siri" hasemi jambo la kipuuzi. Anawalinda watu ambao bado hawajaja.

Lakini angalia sababu yenyewe. Tunatunza siri ili watu waishi. Tukianza kutunza siri mpaka mwenye siri anakufa, tumeshika kamba na kumwacha ng'ombe.

Amana ya silaha

Swali hili ni la zamani kuliko kanisa. Katika kitabu cha Plato kinachoitwa Jamhuri, kilichoandikwa Ugiriki karne ya 4 kabla ya Kristo, Sokrate anauliza hivi: rafiki amekuwekea silaha zake akiwa mzima wa akili. Baadaye akili yake inavurugika, anakuja na kusema nipe. Je, haki ni kumrudishia kwa sababu ni zake na uliahidi? Jibu lililokubaliwa pale lilikuwa hapana. Atakayerudisha ametimiza neno la ahadi na amemdhuru rafiki.

Nimependa mfano huu kwa sababu una neno letu la Kiswahili ndani yake: amana. Neno hilo limetoka Kiarabu, na majirani wetu Wasomali wanalo pia katika lugha yao, kwa hiyo hapa Hulugho hakuna asiyelielewa. Amana ni kitu cha mwenyewe, kimewekwa kwako, ukitunze kwa faida yake. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Kwa faida yake.

Fikiria mtu amekuachia ufunguo wa stoo yake na akakuambia, "Usimfungulie mtu yeyote." Usiku stoo inashika moto, naye mwenyewe amelala ndani. Majirani wamekuja na ndoo za maji. Utasimama mlangoni useme, "Samahani, niliambiwa nisifungue"? Hakuna hata mmoja wetu. Tutafungua, na asubuhi kama akitaka kulaumu, alaumu akiwa hai.

Ninachosema ni hiki, na ndicho ninachotaka ukumbuke hata ukisahau mengine: siri ya ndugu yako ni amana, na amana haitunzwi kwa kumpoteza mwenyewe. Anapokuambia kwamba anataka kufa, kuna sauti mbili ndani yake. Moja inasema "usimwambie mtu." Nyingine ndiyo iliyokufanya wewe ujue. Kama asingetaka mtu yeyote ajue, asingekuambia. Tii sauti ile ya pili.

Tunakosea wapi

Sasa mtu asichukue maneno haya akawa na ruhusa ya kutangaza. Ukweli usemwe: kanisani sisi hutoboa siri pale tusipostahili, na hunyamaza pale tulipotakiwa kusema. Mwenzetu akipata shida nyumbani, utaona kwenye grupu ya WhatsApp, "Wapendwa, tumwombee dada fulani, anapitia mambo mazito, Mungu anajua." Watu 40 wamesoma. Kati ya hao 40, aliyeenda kubisha mlango wa huyo dada ni nani? Huo ni umbea uliovaa nguo za maombi. Siri imetembea kila mahali isipokuwa mahali penye msaada.

Mmbea humweleza yeyote anayetaka kusikia. Msaidizi humweleza anayeweza kufanya kitu, basi.

Akaunti ya kanisa letu ina watia sahihi watatu. Kwa nini watatu? Ili mzigo usimlemee mmoja, na ili mmoja akikosea au asipopatikana, kazi isisimame. Lakini pia hawako 40. Nadhani siri ya mtu anayetaka kufa inahitaji watia sahihi watatu hivi.

Wa kwanza ni mtu wa kukaa naye. Usiku huo asilale peke yake. Huyu anaweza kuwa wewe, au ndugu anayeaminika, au jirani wa chumba cha pili. Hahitaji kujua historia yote, anahitaji kuwepo.

Wa pili ni mtu wa kumtibu. Muuguzi, daktari, mshauri nasaha.

Wa tatu ni mtu mwenye ufunguo. Nikisema ufunguo namaanisha yule anayeweza kuweka mbali kile kitakachotumika: bunduki, dawa ya mifugo au ya shambani, vidonge vilivyojaa nyumbani, kamba. Kama ni askari, hapa ndipo pagumu, maana mwenye ufunguo ni mkubwa wake wa kazi. Najua hofu iliyopo. Lakini silaha inaweza kupumzika wiki chache kisha ikarudi, na Tume ya Huduma ya Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha kwa ajili ya askari. Mtu akienda hapumziki akarudi.

Na kuna wa nne ambaye ni lazima ajue kabla ya hao watatu: mwenyewe. Usimzunguke. Mwambie usoni, "Nitamwambia fulani, na fulani, na sababu ni hii. Tukitaka twende pamoja." Ukimzunguka umemsaliti kweli, hata kama umemwokoa.

Gharama yake

Nisiwafiche, jambo hili lina gharama. Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu mahali pengine mbali na hapa, ndugu mmoja alikuja baada ya ibada ya Jumatano. Nimeficha mambo yote yanayoweza kumtambulisha. Alianza na yale maneno: "Pasta, niahidi kwanza hutamwambia mtu." Nikamwambia, "Ahadi hiyo siwezi kukupa kabla sijasikia. Nakupa nyingine: sitamwambia mtu hata mmoja asiyehitaji kujua, na sitafanya kitu nyuma ya mgongo wako." Akanyamaza kitambo. Nikafikiri ataondoka. Akakaa, akasema.

Alikuwa ameshachagua siku. Deni, aibu, na mambo ya nyumbani. Usiku huo tulikuwa watu watatu tuliojua, na yeye wa nne. Mmoja wetu alilala kwake. Asubuhi tulimpeleka hospitalini, akaanza dawa na ushauri.

Yuko hai. Lakini alinikasirikia sana. Alisema nimemfanya aonekane mgonjwa mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Akahama kanisa. Urafiki tuliokuwa nao haujarudi mpaka leo, na pengine hautarudi. Nilipomwomba ruhusa niandike habari hii bila jina, alinijibu kwa ujumbe wa maneno mawili: "Andika tu."

Nawaambia haya ili mtu asidhani ukifanya la haki lazima utashukuriwa. Unaweza kumpoteza rafiki ili yeye asipoteze uhai. Ukiweka hayo mawili kwenye mizani, uzito uko wazi. Lakini bado unauma.

"Lakini si atashtakiwa?"

Watu wengi hunyamaza kwa kuogopa sheria, na walikuwa na sababu. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili. Yaani mtu alitolewa kamba shingoni akavishwa pingu. Familia zikajifunza kuficha: kule hospitalini wanasema alikunywa kwa bahati mbaya.

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi, kupitia Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Waliopeleka kesi walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, na mtetezi mmoja wa wagonjwa. Hoja ilikuwa rahisi: mtu huyu ni mgonjwa, na mgonjwa haadhibiwi kwa ugonjwa wake. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilikuwa imerekebishwa ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo. Kwa hiyo ukienda kuomba msaada, huendi kuomba hisani. Unaenda kudai kilicho chako kwa sheria.

"Lakini si ni kukosa imani?"

Hili ndilo nasikia zaidi. "Pasta, hii ni roho ya mauti, tuiombee, mambo ya daktari ya nini?" Naamini katika maombi. Naamini Mungu anafungua watu, na nimeona. Lakini tusome Biblia yote.

Eliya aliomba afe, chini ya mretemu jangwani. Malaika alimletea nini? Mkate na maji. Akamwacha alale. Akamwamsha tena, akala tena. Mahubiri ya Horebu yalikuja baadaye, mwili ukiwa na nguvu ya kusikia. Hezekia alipougua, Isaya aliyekuwa nabii hasa aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu, na neno la Bwana lilikuwa limeshatoka kwamba atapona. Luka mwenyewe, aliyetuandikia habari za yule askari jela, Paulo anamwita tabibu. Na Paulo alipomaliza kupaza sauti hakuenda zake. Alikaa na nyumba ile usiku ule, akasema neno, akaoshwa majeraha, wakala chakula.

Tumeshaona pia mahali ambapo imani bila akili hufika. Msitu wa Shakahola kule Kilifi, mwaka 2023, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Na mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wagonjwa wa akili wanavyofungwa minyororo katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na baadhi ya mahali hapo ni vituo vya maombi. Wapendwa, kule Filipi Mungu alilegeza vifungo. Kanisa lisiwe ndilo linalovifunga.

Kwa hiyo omba, na muuguzi aitwe. Wawili hawa hawagombani. Mchungaji atakayekuambia uache dawa ulizopewa na daktari, mwambie aandike na atie sahihi. Utaona kalamu inavyokuwa nzito.

Jirani

Jambo lingine la hapa kwetu. Ukiitisha msaada Hulugho, anayekuja pengine ni Mwislamu. Muuguzi wa zamu, mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, dereva wa gari. Wengine wetu tunasita: nitamwelezaje mambo ya nafsi yangu mtu wa imani nyingine?

Nakumbusha tu. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa mjini Garissa na watu wengi wakauawa wakiwa ibadani. Siku chache baadaye viongozi wa Waislamu walisema vijana wao watasaidia kulinda makanisa. Yesu alipotaka kueleza jirani ni nani, alichagua Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake wasingemwita. Majeraha yalifungwa na mkono ule ule.

Na wao wanaujua ugonjwa huu. Dadaab, katika kaunti yetu hii, ambako wakimbizi wameishi tangu 1991, kuna neno la Kisomali, buufis. Ni ile hamu ya kwenda nchi ya mbali inayomshika mtu mpaka hawezi kuishi mahali alipo, na wengine wanaugua akili kwayo. Watu walio na neno kama hilo hawatakushangaa ukiwaambia moyo wako umechoka. Mwulize jirani yako Msomali. Utakuta naye nyumbani kwake kuna mtu.

Msaada uko wapi

Sasa tushuke chini. Andika haya kwenye simu yako leo, si siku ya shida.

Mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 serikali ilituma wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, wenye begi la vipimo na simu ya kazi. Ujue wa mtaa wako ni nani. Yeye anaweza kukuandikia rufaa na kukuunganisha na hospitali.

Hospitali. Hapa Hulugho anzia hospitali ya wilaya ndogo. Ukifika sema wazi: "Ana mawazo ya kujiua." Usiseme kichwa kinauma, utapewa dawa ya kichwa. Wakiona ni kubwa watampeleka mbele, mpaka hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Garissa. Mnajua barabara yetu wakati wa mvua, na mnajua usiku hakusafiriwi ovyo. Kwa hiyo usingoje hali iwe mbaya ndipo uondoke. Ukiona dalili mchana, tembea mchana.

Simu. Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ni bure, na wana washauri wa kuongea nawe. Befrienders Kenya, 0722 178 177, kazi yao hasa ni kusikiliza watu wanaofikiria kujiua. Kama shida ni pombe, miraa au dawa za kulevya, 1192 ya NACADA. Kama ni mtoto, 116. Kama ni mke au mume anapigwa nyumbani, 1195. Mtandao ukisumbua, toka nje, tafuta mahali unaposhika, piga tena.

Na wewe mwenyewe. Uliza moja kwa moja: "Je, unafikiria kujiua?" Watu huogopa kwamba ukiuliza umempandia wazo. Wataalamu waliochunguza jambo hili wanasema sivyo, kumwuliza hakumpi wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, uliza kama ana njia na kama ana siku. Sikiliza bila kuhubiri. Usimwambie wengine wana shida kubwa kuliko yake. Usimwache peke yake. Ondoa kile kilicho karibu. Kisha wale watatu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya giza lenyewe: hesabu uliyopiga usiku huenda ina kosa kama ile ya askari jela. Itisha taa kabla hujaifunga. Mwambie mtu mmoja leo, kabla jua halijatua. Ukiona haya kuja ofisini, nitumie ujumbe tu, "Pasta, nina neno," nami nitajua.

Ombi langu kwa kanisa

Ukitaka kujua kanisa linaamini nini, usisome tu ungamo la imani lililobandikwa ukutani. Soma bajeti. Vyombo vya muziki vina mstari wake, mgeni wa semina ana mstari wake. Naomba kamati ya fedha, katika bajeti ijayo, iweke mstari mmoja mdogo: nauli ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza mpaka Garissa. Si pesa nyingi. Ni pesa ambayo usiku ule hakuna wa kuanza kuichanga.

Pili, naomba wazee wateue watu wawili, ndugu mmoja na dada mmoja, wanaoweza kufunga midomo, wakajifunze jinsi ya kumsaidia mtu aliye katika hali hiyo. Namba zao na hizi nilizoandika hapa zibandikwe mlangoni, ndani ya choo pia, mahali mtu anaweza kusoma bila kuonekana anasoma.

Tatu, grupu ya WhatsApp. Kuanzia sasa ombi la maombi la mtu mwingine lisiwekwe bila ruhusa yake. Hilo halihitaji kamati.

Bwana awatunze wiki hii, na awape usingizi.

*Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:*

1. Ni siri gani ambayo kanisa letu hutangaza upesi, na ni ipi tunayoificha hata ikiua?

2. Kama ni wewe ungekuwa kwenye giza lile, ni watu gani watatu ungekubali wajue? Wataje moyoni. Je, wao wanajua kwamba umewachagua?

Mchungaji Msaidizi